Wali wa Mama Yake Hwa-sun

Kila asubuhi Hwa-sun aliwapitisha wageni sokoni wakaonje keki za mchele zenye pilipili, kisha akawaingiza kwenye nyumba ya kale ya vigae, katika uchochoro mmoja wa Seoul. "Viatu nje, jamani." Nyumba hiyo ilikuwa ya mama yake mpaka kampuni ya utalii, hiyo hiyo iliyomwajiri Hwa-sun, ilipomtoa. Mama alifia kwenye chumba cha kupanga, chini ya ardhi, na hilo halikumtoka Hwa-sun rohoni hata siku moja.

Ziara iliishia kwenye tambiko la wafu. Bosi, Bwana Tak, aliweka mezani vyakula vya plastiki, maana haviozi. Lakini kijiko kilikuwa kijiko kweli, na Hwa-sun alipokisimamisha kwenye bakuli la wali, mama yake alikuja. Kijiko kikisimama hivyo, marehemu ameitwa, angeacha kuja? Alivua viatu, akaketi, akautazama ule wali.

"Mwanangu, huu hauliki."

"Najua, Mama. Nivumilie."

Wageni walipiga picha. Bwana Tak alipoambiwa kuwa marehemu mwenyewe amekuja, aliuliza tu kama bibi angekuja na Jumapili, kwa sababu kulikuwa na kundi kubwa.

Mama alikuja kila siku, na kila siku alizidi kukonda. Hwa-sun akasema liwalo na liwe. Jumapili alipika wali mwenyewe, na supu ya nyama na figili, akavileta vingali vya moto. Akawaomba wageni watoke kidogo, wafunge mlango, kwani marehemu hali huku anatazamwa.

"Watoke waende wapi?" Bwana Tak akawaka. "Watu wamekuja kuona!"

Hakuna aliyetoka. Mama alishika kijiko, akainua macho, akawaona wamejipanga ukutani mikono mitupu.

"We Hwa-sun! Wageni wamesimama nyumbani kwangu, halafu mimi nile? Nimekufa, sijawa mchoyo!"

Akawagawia wali wote, na supu, mpaka akakwangua bakuli. Bibi mmoja mgeni alisema chakula kitamu mno, akaomba aongezwe. Mama akaona haya.

"Niwie radhi, mgeni wangu. Kimekwisha."

Hwa-sun alilia mbele za watu, wala hakujificha.

"Bibi, muda umekwisha," Bwana Tak akasema kwa adabu. "Kundi lingine linasubiri."

Mama akavaa viatu vyake, akamwinamia, akamshukuru kwa kumkaribisha, akatoka na njaa yake.