Marundo Chini ya Kichanja

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya jani la mche wa chai, kwenye kitalu changu mwenyewe hapa Tukuyu. Hilo halikunishangaza. Kilichonikera ni kukuta wenyeji.

Zilikuwa tando nyembamba za kijani, zimerundikana kama chapati za sherehe, rundo baada ya rundo hadi darini. Zinanong'ona. Nilipokohoa, kimya. Anayenyamaza ukifika alikuwa anakusema wewe, mimi hapo sidanganyiki.

"Mnaficha nini katikati humo?" nikauliza.

"Mwanga," ukajibu utando wa juu. "Kivulini ni haba, kwa hiyo tunabebana ili usitupite. Nani wewe?"

"Mwenye kitalu."

Zikatazamana. "Kumbe ndiye anayetaka kung'oa kichanja cha kivuli chetu asubuhi."

Nani kaziambia? Nilimwambia mume wangu tu, Asangwile, tena chumbani. Mnunuzi anakuja leo, anataka miche iliyozoeshwa jua, na yangu haijaonja hata mwale. Nikasema tutoe nyasi zote za kivuli alfajiri, atajuaje? Miche ile ndiyo chakula chetu cha mwaka.

"Nyasi hupunguzwa kidogo kidogo," ukasema utando, "ili nasi tupunguze marundo kidogo kidogo. Jua kali likitukuta hivi, tunaungua. Mama, haraka haraka..."

"Usinimalizie methali! Panguaneni sasa hivi."

"Haya, shika huku utusaidie."

Nashika. Mara niko jikoni kwa mama mkwe, marundo yamejaa hadi mafigani, na paa linafunguka. Jua linaingia bila hodi. Utando wa kwanza unageuka mweupe mikononi mwangu. Wa pili nao. "Tulikuambia," unasema wa tatu, bila hasira, kisha nao unageuka mweupe. Niliogopa, jamani, nikalia kwa sauti.

Nikaamka. Bado giza, nyota tele dirishani, dalili ya jua kali. Asangwile alikuwa anavaa viatu vya shamba. Akanimulika tochi.

"Mama Tumpe, shingo imekubabuka. Jana si ulishinda ndani na mafua?"

Nikajigusa. Ngozi ikatoka kwa vipande vyepesi, na ilikuwa inawaka.

"Vua viatu," nikamwambia. "Nyasi hatugusi. Mnunuzi nitamwambia ukweli, akiondoka aondoke."

"Nimekuuliza, ulikuwa wapi?"

"Kitaluni."

Akanitazama kwa jicho la pembeni. Viatu alivua, lakini jicho lile hajaliondoa mpaka sasa.