Nyumba Iliyosogea

Kufikia saa mbili asubuhi vibarua walikuwa wameshachimba mtaro hadi kwenye kichuguu, na Emiliana ndiye aliyekuwa mbele. Wanawake tisa, majembe na sururu, wameinama chini ya kifusi cha mgodi wa dhahabu, ule ulioko juu ya korongo upande wa Busi. Kifusi chenyewe sasa ni mlima. Mawe yote yasiyo na kitu yaliyotolewa shimoni miaka minne hii yamemwagwa pale, na yakimwagwa hayatulii. Mvua ikinyesha yanashuka. Yanashukia kwa nani? Kwa Emiliana. Nyumba yake ndiyo ya kwanza huko chini, na ndani amelala mama yake, Bi Restuta, ambaye miguu yake ilikufa ganzi mwaka juzi. Siku kifusi kikiporomoka, wengine watakimbia. Mama yake hatakimbia.

"Ng'oeni na hiyo minyaa," alisema Matonya, msimamizi wa vibarua. "Mtaro unapita hapo hapo."

Emiliana aliinua mgongo. "Hii ni yangu, bosi. Nimeipanda mimi."

"Umeipanda, sasa ing'oe. Mkaguzi yuko njiani, nataka pawe pasafi."

Watu wa huku hupanda minyaa, mimea ya utomvu mweupe, kuzunguka boma na shamba, kila mtu ajue mwisho wake. Emiliana yake aliipanda kwa sababu nyingine. Mgodi ulipofunguliwa ulichimbwa mtaro mzuri wa kukinga maji ya kifusi, mbali huko juu, na mvua ya kwanza tu kifusi kikaufukia. Wanakijiji walipokwenda mgodini kulalamika wakaambiwa kifusi hakijasogea hata kidogo. Haya. Tangu hapo kila kiangazi akawa anapanda mstari wa minyaa pale mawe yanapoishia, aone nani mwongo. Mstari wa kwanza ulimezwa. Wa pili nao ukamezwa. Huu ulikuwa wa tatu, na mawe yalikuwa yameshaufika kiunoni.

Angeweza kukataa. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshiba. Mtama wa mwaka huu ulikauka ukiwa magotini, na kibarua cha mtaro ndicho kilichokuwa unga wa nyumba ile. Halafu akajiambia: mkaguzi ni msomi, mtu wa serikali, atakuja na vipimo vyake, minyaa ya mama wa kijijini ataitakia nini? Hapo ndipo alipokosea. Aliing'oa yote, mmoja mmoja, uso kaugeuzia pembeni ili ule utomvu usimrukie machoni, akairundika kando ya njia.

Mkaguzi alifika saa tano, ndani ya gari la mgodi. La ofisi yake halikuwa na mafuta. Alisema mwenyewe, bila kuficha. Kijana mpole, anaitwa Gaudence, katokea Dodoma mjini, kishikwambi mkononi.

"Shikamooni, mama zangu. Poleni na kazi."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Akapima kina cha mtaro, akapima upana, akawa anabonyeza kishikwambi chake. Akapita kuukagua wote hadi kwenye kichuguu na kurudi. "Mtaro mzuri," akasema. Na kweli ulikuwa mzuri. Kuta zimenyooka, udongo umeshindiliwa. Emiliana hajui kufanya kazi ovyo.

Kisha Gaudence akakunja uso. "Hapa kwenye kibali, mtaro unatakiwa uwe mita sitini kutoka nyumba ya karibu." Akavuta futi kamba mpaka ukutani kwa Emiliana, akasoma. "Ishirini na mbili."

 Emiliana alifurahi. Siku imefika, aliwaza, leo watakisogeza hiki kifusi kabla ya mvua.

"Mkuu, mtaro ni ule ule wa siku zote, tumeuzibua tu," alisema Matonya, mtu mzima asiye na haya. "Nyumba ndiyo imesogea. Hawa wakisikia fidia wanahamia huku usiku. Angalia ukuta huo, hata udongo haujapauka."

Ukuta ulikuwa mpya kweli. Mawe yaliubomoa wakati wa mvua iliyopita, na Emiliana akaukandika upya kwa mikono yake.

"Kausha, dada," Shamimu, aliyekuwa akichimba naye bega kwa bega, alimnong'oneza. "Kesho kuna kazi upande wa pili."

"Nikaushe nini? Miaka ishirini na sita naishi hapa! Mtaro wenu uko chini ya mawe huko juu, huu tumeuchimba jana na leo!"

Gaudence akawageukia wengine. "Ni kweli, mama zangu?" Wanawake wanane wakatazama majembe yao. Shamimu ana watoto watano.

"Una karatasi yoyote ya kijiji, mama? Alama yoyote?"

"Nilikuwa na minyaa. Nimepanda kila mwaka pale kifusi kinapofika."

"Iko wapi?"

Emiliana akaonyesha lile rundo.

"Nani kaing'oa?"

"Mimi."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Gaudence aliliangalia rundo kwa muda. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika, na macho anayo. Kisha akaliangalia gari la mgodi, ambalo ndilo lingemrudisha.

"Chakula tayari, mkuu," alisema Matonya.

"Mama yangu, nakuelewa," Gaudence alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeona aibu. "Lakini mimi naandika ninachokiona. Naona mtaro, naona nyumba."

"Umeandikaje?"

Akamsomea. Mifereji ya maji: inaridhisha. Kifusi: kinaridhisha. Makazi yamesogelea eneo la mgodi, wahusika wahame kabla ya mvua.

Gari lilipoondoka, Matonya alimnyang'anya sururu. "Wewe kesho usije."

Emiliana akaingia ndani. Mama yake alikuwa macho, kanga kaivuta kifuani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema sisi ndio tuliosogea."

Bi Restuta akaifunua kanga, akaitazama miguu yake. "Mimi? Nilisogea kwa miguu ipi, mwanangu?"

  Emiliana akachukua jembe lake la nyumbani, akatoka, akabeba mzigo wa minyaa kutoka kwenye lile rundo. Minyaa haifi upesi. Kipande ukikichomeka ardhini kinashika. Vibarua walikuwa bado wako pale, Matonya naye yupo. Akarudi mlangoni, akaanza kwenda kwenye mtaro kuipanda tena, akihesabu hatua za kutoka nyumbani kwa sauti kubwa ili mama yake asikie kule ndani.