Mkono Ulioingia Sufuriani

Majirani walimwita Mama wa Sala, wala hawakumwita hivyo kwa mzaha. Mgonjwa akizidiwa, aliitwa yeye. Mtoto akiwa na mtihani, alipitishwa kwake kwanza awekewe mkono kichwani. Tangu afiwe na mumewe, alikuwa mtu wa kupiga magoti na kunyamaza. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na mwenyewe aliihesabu kuwa wema: hakuweza kuona kazi ya mtu ikiendelea bila yeye kutia mkono.

Mwanawe alikuwa dereva wa lori, leo huku kesho kule, kwa hiyo nyumbani walibaki wanawake wawili, mama na mkwe. Mkwe huyo alikuwa fundi cherehani mpaka karakana yao ilipofungwa. Siku nyingi alikaa akitazama ukuta. Kisha, kwa kupekuapekua simu, akajifunza kutengeneza vitufe vya chokoleti na karameli, vile vya kuviringisha viganjani na kugaragaza kwenye unga wa kakao. Akawaonjesha majirani, majirani wakasema. Neno likafika shuleni, na walimu waliokuwa wanamuaga mwalimu mkuu wao wakamwagiza sinia nzima kwa ajili ya sherehe ya kesho. Ilikuwa oda yake ya kwanza.

"Mama," alisema asubuhi ile akijifunga kitambaa kichwani, "hii ikiharibika sigusi tena. Nitakaa hapa kama furushi, mtanipangusa vumbi."

"Usijitabirie mabaya, mwanangu."

Akaanza. Chokoleti aliikatakata vipande vidogovidogo akaiweka kwenye bakuli. Krimu akaipasha kidogo, akaiweka kando. Sukari akaitia sufuriani na maji kidogo tu, akawasha moto, akakunja mikono. Mama alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anachambua mchele. Akatazama sufuria, akamtazama mkwe, akatazama sufuria tena.

"Huikorogi?"

"Sukari ya hivi haikorogwi, Mama. Ikishaanza kuchemka unaiacha. Ukiikoroga inakasirika."

Mama akacheka moyoni. Tangu lini sukari ikakasirika? Yeye alipikia watoto na wagonjwa na misiba, na katika maisha yake yote hakujua chakula kilichoharibika kwa kukorogwa. Kilichoachwa ndicho huungua. Lakini akarudi kwenye mchele wake.

Mara mvua ikaanza kudondoka. "Nguo zangu!" mkwe akaruka. "Mama, niangalizie moto!" Akatoka mbio kwenda kuanua.

Mama akasimama juu ya sufuria. Mapovu yalipanda na kushuka, na pembeni kulikuwa na rangi imeanza kuingia, ya asali changa. Inaungua hii, akawaza. Mwiko ulikuwa unaning'inia palepale ukutani, na mkono wake ukauchukua kabla moyo haujatoa ruhusa. Akakoroga kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Akakoroga tena. Sukari ikapata ukungu, ikawa nzito, halafu mbele ya macho yake ikageuka punje nyeupe, sufuria nzima, kama mtu kamwagia mchanga.

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake aliuosha mwiko, akaufuta, akaurudisha kwenye msumari wake, na mkwe alipoingia na furushi la nguo mbichi alimkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani.

"Mungu wangu! Mama, imekuwaje?"

"Nimeona tu imegeuka," Mama akasema.

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalimchoma kuliko uongo.

Mkwe akazima moto, akachovya kijiko. Mchanga. Akafikiri. Kisha uso ukamwiva. "Ni sukari! Mizani kaniuzia sukari iliyochanganywa. Nilijua tu, ilikuwa bei nzuri mno!" Mama akafungua mdomo, lakini binti alikwisha kuvuka njia.

Duka la Mizani lilikuwa linatazamana na mlango wao. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi, na jina hilo alipewa kwa sababu mkono wake haukuwahi kulalia upande wowote wa mizani. Kutoka kizingitini Mama alisikia kila neno: "Unatuuzia mchanga!" na "Mwizi wa mchana!", na wateja waliojikinga mvua barazani wakiguna. Alishika fremu ya mlango. Hakuvuka.

Haukupita muda, mkwe akarudi, wateja wachache wakamfuata hadi dirishani, na Mizani akaja mwenyewe, amelowa mabega, mkono mmoja paketi ya sukari, mkono mwingine glasi ya maji. Hakukaa.

"Mama wa Sala, mkweo kanivua nguo mbele ya watu. Sibishani naye, yeye mtoto. Nimekuja kwako." Akatia sukari kwenye glasi, akakoroga, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Sukari yenye mchanga huacha mchanga chini. Wewe ndiye shahidi wangu. Mtaa mzima ukisikia umesema, yamekwisha. Kuna kitu hapo chini?"

"Hakuna," Mama akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Sema kwa nguvu, mama, hawa wa dirishani hawajasikia."

"Hakuna kitu. Sukari yako ni safi."

"Umesikia, binti?" Mizani akaiweka paketi mezani. "Na hii nakuachia. Pika tena. Ikigeuka mchanga, njoo nikupe na duka."

Akaondoka, na wa dirishani wakamfuata. Mkwe alibaki ametazama sufuria, na hasira zote zilikuwa zimemwishia. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, chini ya mwiko.

"Basi ni mimi," akasema. "Si sukari, si moto. Ni mimi. Fundi wetu mkuu kule karakana alikuwa akiniambia mkono wangu mzito, nikadhani ananionea." Akajifuta pua kwa ukingo wa aproni. "Krimu imebaki ya mara moja tu, Mama. Naogopa hata kuwasha jiko. Niombee. Wewe ukiomba husikilizwa. Shika sufuria uniombee."

Watu wengi walikuwa wamemwambia maneno hayo, na kila mara yalimpa joto kifuani. Leo yalimwingia kama maji ya barafu. Akapiga magoti. Mkwe akafumba macho, akainamisha kichwa kama mtoto wa mtihani. Mama akaweka kiganja kwenye ukingo wa sufuria, na zile punje nyeupe zikamnata vidoleni.

"Ee Mwenyezi," akaanza, kama alivyozoea. "Wewe unayeona ya sirini..."

Hapo akakwama. Maneno yaliyofuata aliyajua kwa moyo, lakini hayakutoka. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mkwe alisubiri, macho yamefumbwa, anaamini.

"Wewe unayeona ya sirini," Mama akarudia, "umeona mkono ulioingia sufuriani. Haukuwa wa huyu mtoto. Mtoto huyu alifanya sawasawa. Aliniambia isikorogwe, mimi nikamcheka moyoni, nikakoroga. Nikaosha mwiko. Nikamwacha akamtukane mtu asiye na kosa. Nikaitwa shahidi, nikasema nusu. Sistahili kumwombea mtu leo."

Mama hakuthubutu kuinua macho. Alisikia mkwe anasimama, akasikia pumzi zake.

"Nimemwita mzee wa watu mwizi," mkwe akasema taratibu. "Mbele ya watu, Mama."

"Najua."

"Na ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwa nimekaa hapa."

Mama akajishika meza, akainuka. Hakuchukua mwavuli. Alivuka njia, akapanda barazani kwa Mizani, na wateja wakampisha kwa heshima kama walivyozoea, na heshima hiyo ilikuwa mzigo mzito kuliko matusi. Akasema palepale mlangoni, kwa nguvu, ili hata wa nyuma wasikie: sukari ilikuwa safi, mkwe wake alidanganyika, na aliyeharibu sufuria ni yeye kwa mkono wake. Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mwingine akasema chini kwa chini, "Kumbe!" Mizani akakuna kidevu.

"Mama wa Sala," akasema hatimaye, "mimi nilidhani wewe hukosei. Nilikuwa nakuogopa kidogo." Akarudi kupima maharage ya mteja wake.

Alipofika nyumbani amelowa, sufuria nyingine ilikuwa jikoni. Mkwe hakugeuka. "Kaa pale, Mama. Mikono magotini."

Akakaa, mikono magotini. Akaitazama sukari ikichemka yenyewe, ikiwa ya asali, kisha ya shaba, bila msaada wa mtu. Mkwe akaiepua, akamimina krimu kidogokidogo, ikafoka, ikatulia. Akatia siagi na chumvi kiduchu, akaimwaga juu ya chokoleti bakulini, akaiacha ipumzike kabla ya kuichanganya. Ilitoka inang'aa kama kiatu kipya. Ikaingia kwenye friji, na jioni ikawa imeshikana.

Mkwe alichota kwa kijiko, akajaribu kuviringisha, lakini viganja vyake vilikuwa vya moto, na chokoleti ikayeyuka. Akajaribu tena. Kisha, bila kutabasamu, akasukuma bakuli upande wa pili wa meza.

"Mikono yako ni ya baridi. Njoo uviringe."

Mama akaja. Akaviringa kimoja, akakigaragaza kwenye kakao, akakiweka kwenye sinia. Kilikaa duara. Akaviringa na vingine, bila kuinua macho, bila kutoa ushauri hata mmoja, ingawa aliona wazi kwamba sinia ilikuwa imepangwa vibaya. Sinia ilipojaa, vilibaki vichache vilivyopinda. Mkwe akavitia kwenye kisahani.

"Hivi vya Mizani," akasema. "Twende wote. Na mimi nina langu la kumwambia."

Mama akanawa mikono, akajifuta, akachukua kisahani.