Parchi Arobaini na Moja za Munshi Khushi

Munshi Khushi Muhammad, karani wa geti, aliwachukia watu wa chuo kikuu tangu siku ya kwanza, na wala hakuficha. Walifika kwenye kiwanda cha kufungia machenza mjini Bhalwal mwezi wa Oktoba, machenza yakiwa bado mabichi mitini, wakavuka geti na kompyuta zao mabegani bila hata kutupa salamu kwenye kile chumba cha geti alimokaa yeye. Miaka thelathini na moja hakuna lori lililoingia wala kutoka bila mkono wake, halafu watoto wa mjini wanapita kama wanaingia sokoni!

Chaudhry Inayat, mwenye kiwanda, ndiye aliyewaleta mpaka mlangoni kwake.

"Munshi ji, hawa ni wageni wetu wa chuo kikuu. Tumekubaliana nao wafanye utafiti wa mnyororo wa ugavi. Wape kila wanachotaka."

"Mnyororo gani, Chaudhry sahib? Wa mbwa?"

Madereva waliokuwa wanaota jua ukutani wakaangua kicheko, mmoja akapaliwa na chai. Aliyekataa kucheka ni mkuu wa wageni, Daktari Nabeela Wahla, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani mizito, shali ya sufu ameibana kifuani. Alimtazama Munshi kuanzia kilemba mpaka makubazi.

"Ni safari ya chenza, mzee wangu," akasema, kwa ile adabu inayochoma kuliko tusi. "Kutoka shambani mpaka mezani kwa mlaji. Tunataka kujua linacheleweshwa wapi."

"Mimi nimelisafirisha tangu wewe unavaa sare za shule, bibi, na lilifika."

"Msimu uliopita halikufika," akajibu yule daktari, akapita zake.

Ikawa vita. Munshi akawapa kiti kilichovunjika mguu na meza iliyo karibu na choo. Daktari akamshtakia kwa Chaudhry kwamba moshi wa hukka yake unawaumiza vifua wanafunzi. Munshi akaihamishia hukka nje, kwenye baridi, akavuta huku anawatazama dirishani kwa jicho la kuua. Siku moja akamsikia daktari anamwambia mwanafunzi wake kwamba rekodi za hapa ni takwimu chafu. Loo! Hapo alisimama mlangoni akawazibia njia.

"Chafu? Mimi siandiki hata herufi moja bila udhu! Chafu ni nini?"

"Ni neno la kazi tu, Munshi ji. Maana yake zina mapengo."

"Mapengo yako kinywani kwangu. Kwenye parchi zangu hayapo."

Parchi ndizo zilizokuwa roho ya ugomvi wote. Kila mzigo wa kontena la baridi ulipokuwa tayari, Munshi alikata kipande cha karatasi, akaandika tarehe, namba ya lori, na maneno mawili matatu ya jinsi mzigo ulivyoenda, kisha akakichoma kwenye waya uliotundikwa ukutani, na dereva akapewa nakala ya kutokea getini. Hakuna aliyewahi kumwelekeza aandike vipi, na mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye wino. Msimu mzima wanafunzi walikuwa wakizivua zile parchi kwenye waya, wanazipiga picha, wanaingiza kwenye kompyuta. Daktari naye alikaa chumbani mle siku baada ya siku, magoti yake na ya Munshi karibu yanagusana, kila mmoja kamgeuzia mwenzake uso wa mbuzi.

Mwisho wa Februari, Munshi akaitwa ofisini kwa Chaudhry. Alikuta mapazia yameshushwa na picha imemulikwa ukutani. Chaudhry amekaa kitini kwake, pembeni yake mwanawe Shahzaib, kijana wa suti aliyekabidhiwa ukumbi wa kuosha na kufunga matunda tangu mwaka juzi. Daktari Nabeela amesimama na fimbo mkononi. Munshi hakuambiwa aketi.

"Makontena arobaini na moja yameikosa meli Karachi msimu huu," akasema daktari. "Tumechunguza kila moja, na sababu ni ileile. Matunda yanakuwa tayari leo, lori linaletwa kesho yake. Machenza yanalala sakafuni siku nzima, kontena linafika bandarini meli imeshang'oa nanga. Kosa liko kwenye kuita malori."

Na anayeita malori ni nani? Jina lilikuwa pale ukutani, kubwa, kwa Kiurdu na kwa Kiingereza: karani wa geti, Khushi Muhammad.

Munshi alihisi masikio yanawaka moto. Alijua ripoti ile haikuwa ya kufungiwa kabatini. Wanunuzi wa Moscow walikuwa wameshatoa kauli: wapewe ripoti ya chuo kikuu yenye jina la anayechelewesha, na wahakikishiwe kwamba mtu huyo ameondolewa, ama msimu ujao wananunua kwingine. Ikipita hivi ilivyo, atatolewa getini akiwa mtu aliyeozesha matunda ya watu, na Bhalwal nzima itasoma.

"Uongo!" akapiga kelele. "Uongo mtupu! Malori yangu hayajachelewa hata siku moja!"

"Munshi ji, sauti," akasema Shahzaib, anatazama simu yake. "Umri nao, si unajua. Mtu anasahau."

"Wewe nyamaza! Nimekupakata ukanikojolea, leo unanifundisha umri?"

"Mimi sijatunga kitu," daktari akasema, na sauti yake sasa ilikuwa kali kweli. "Ni mwandiko wako mwenyewe, mzee. Umetudharau miezi mitano, umetufukiza moshi, umetuita mbwa. Haya, soma maneno yako." Akabonyeza, na ukutani ikatokea parchi, mwandiko wa kuku kwa ukubwa wa mlango. Chini yake wanafunzi walikuwa wameandika tafsiri safi: mzigo leo, lori kesho.

Munshi akaisogelea mpaka kivuli chake kikaifunika nusu. Akaisoma. Akairudia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akacheka, kicheko kibaya, kikavu.

"Lori kal," akasema. "Nimeandika mzigo leo, lori kal. Nani kawaambia hiyo kal ni kesho?"

Kila aliyekuwamo mle alizaliwa na neno lile mdomoni. Kwa Kiurdu kal ni jana na kal ni kesho, ni neno hilohilo, na mtu hapati shida kwa sababu kitenzi kinachofuata kinamwambia ni ipi: limekuja kal, litakuja kal. Ila Munshi Khushi alikuwa bahili wa wino. Vitenzi hakuandika.

"Lori lilikuja jana!" akafoka. "Limekuja jana, limelala uwanjani, dereva analalamika, mashine ya baridi inaunguruma bure, na matunda yamekuwa tayari leo! Lori ndilo lililosubiri matunda! Mnasoma chuo kikuu gani nyinyi?"

"Anajitetea huyo," akasema Shahzaib, lakini simu alikuwa ameshaishusha.

"Hiyo parchi ni ya tarehe ngapi?" Munshi akamgeukia daktari.

"Tarehe saba Januari."

"Kwa hiyo kwa hesabu yenu lori liliingia tarehe nane. Tarehe nane Januari, bibi! Ukungu ulianguka alfajiri, barabara kuu ikafungwa mpaka jioni, mtu huoni kidole chako mwenyewe. Hakuna hata baiskeli iliyofika hapa. Hilo lori lilipita wapi, angani? Wewe mwenyewe ulikuwa wapi siku hiyo?"

Munshi aliona shingo ya Daktari Nabeela inavyobadilika rangi juu ya shali. Tarehe nane Januari alikwama kwenye kizuizi cha barabara kuu tangu asubuhi hadi jua linazama, akampigia Munshi simu mara tatu kuuliza kama kuna njia nyingine, na mara zote tatu Munshi akamwambia kwa furaha kwamba hakuna.

Akaketi. Akafungua kompyuta yake, akatafuta, akasogeza, akatafuta tena. Hatimaye akavua miwani.

"Ni kweli," akasema. "Tulisoma kinyume. Zote arobaini na moja."

Munshi angependa kuishika dakika ile akae nayo. Lakini alimwona Chaudhry, na moyo ukamshuka. Chaudhry hakuwa anamtazama yeye wala daktari. Alikuwa anamtazama mwanawe. Kama lori ndilo lililosubiri matunda, basi aliyechelewesha ni ukumbi wa kufungia, na ukumbi wa kufungia ni wa Shahzaib, anayeamka saa tano na kufungua mtambo adhuhuri. Mle ofisini hakukuwa na mtu asiyejua hilo.

Chaudhry akasukuma kikombe chake pembeni.

"Munshi ji, kaa," akasema kwa upole. Ndiyo mara ya kwanza siku ile kuambiwa akae. "Sisi ni watu wa nyumba moja. Warusi wanataka mtu mmoja aondoke. Mwanangu sitamwondoa, hilo unalijua. Wewe umechoka, mgongo unakuuma. Ukienda nyumbani, mshahara wako utakufikia kitandani mpaka siku ya kufa kwako. Ripoti ibaki ilivyo. Kal ni kesho. Neno lenyewe linakubali, wala hatudanganyi."

"Na jina langu?"

"Jina lako litasomwa Moscow. Moscow una ndugu?"

"Chaudhry sahib, madereva wanasoma. Wajukuu zangu wanasoma."

"Mzee, usiwe mbishi," akasema Shahzaib.

Chaudhry akamgeukia daktari. "Na wewe, Daktari sahiba, mkataba wetu na chuo chenu ni wa misimu mitatu. Wanafunzi wako wawili hawajamaliza shahada zao. Nadhani tunaelewana."

Munshi akamkazia macho yule mwanamke. Mungu wangu, aseme sasa! Ameona kosa lake kwa macho yake, amelikiri kwa mdomo wake; kilichobaki ni kusema tu kwamba ripoti anaifuta. Daktari Nabeela akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya shali. Kisha akasema, bila kumwangalia mtu, "Parchi ni za Munshi ji. Yeye ndiye anayejua alikusudia nini. Ni jana au ni kesho? Nitaandika atakachosema yeye."

Astaghfirullah! Kati ya yote aliyomfanyia, Munshi hakuwahi kumchukia kama alivyomchukia saa ile. Kosa la kwake, mzigo kambebesha yeye, tena kwa adabu.

"Jana," akasema Munshi.

"Fikiri vizuri," akasema Chaudhry.

"Nimefikiri miaka thelathini na moja. Andika, bibi. Jana. Arobaini na moja, zote jana. Na chini yake andika huyu mtoto analala mpaka saa tano."

Vidole vya daktari vikaanza kugonga. Viligonga muda mrefu, na vilipokoma, Chaudhry akauliza, "Umeandika nini?"

"Jana."

"Vizuri. Basi hiyo ripoti mkaisome wenyewe chuoni kwenu, mimi siijui. Nitawaandikia Warusi kwa mkono wangu nani kaondoka na kwa nini." Akamnyooshea Munshi kiganja. "Funguo."

Munshi akafungua kishikizo cha koti, akakitoa kishada cha funguo za geti, akakiweka mezani, mbali na kile kiganja. Akatoka bila kuaga.

Ilikuwa adhuhuri, na uwanjani ukungu wa asubuhi ulikuwa ndiyo kwanza unanyanyuka. Alikuwa anajifunga shali aliposikia viatu vya kisigino vinakimbia nyuma yake.

"Munshi ji! Munshi ji, ngoja! Nakuomba radhi. Nitaichapisha, wallahi, hata wakinifukuza, watu watajua."

"Watu gani? Wasomaji wako watano?"

"Nimekosa. Sijui nikuambie nini."

"Miezi mitano umekaa chumbani kwangu," akasema Munshi, na kwa aibu yake mwenyewe sauti ikamkatika. "Umeniuliza namba za malori, umeniuliza joto la makontena, umeniuliza hata nasali saa ngapi. Mbona hilo hukuniuliza? Neno moja?"

Daktari akaivuta shali yake. "Niliona sina haja," akasema. "Ni lugha yangu."

"Ni lugha yako," Munshi akarudia. "Haya."

Kutoka upande wa mizani ya malori lori lilikuwa linasogea, kontena la baridi limeshafungwa, dereva mmoja wa Kipashtuni kaning'inia dirishani akipiga honi. Alipomwona Munshi akazima injini, akanyoosha mkono wake chini, kama alivyofanya miaka yote, akisubiri karatasi.

"Munshi ji, parchi yangu! Nimelala hapa tangu jana, meli itaniacha!"

Mkono wa Munshi ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta kalamu kabla hajajua unafanya nini. Akautoa mtupu.

"Mwombe daktari," akasema, akaelekea getini. "Mwambie tu taratibu umefika lini."