Kidonge Kabla ya Kupanda

Mwendesha kreni alikuwa ameshakanyaga ngazi, kidonge cha kushusha lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, kikiwa bado kiganjani, shemeji yake alipomshika mkono.

"Hujameza?"

"Sukari yangu iko mpakani, shemeji. Daktari mwenyewe kakiri dawa hii inaweza kuipandisha kidogo. Ikivuka, wakaguzi wa afya kazini watanitoa kwenye kreni. Nitaenda wapi na umri huu?"

"Na mishipa inayoziba? Hiyo daktari hakuitaja?"

Aliitaja. Alisema hatari ya moyo ni kubwa kuliko ya sukari. Mwendesha kreni alitazama pembeni.

Shemeji, ambaye kazi yake ilikuwa kuupokea mzigo chini na kuuongoza kwa ishara za mikono, alivua kofia ngumu na kuiweka juu ya rundo la nondo.

"Basi leo sisimami pale. Uliyemwoa ni dada yangu, si mimi. Moyo ukikugomea huko juu, chuma kinaniangukia nani?"

"Unanitisha bure."

"Nakutisha, ndiyo! Na msimamizi yule anakuja. Mweleze mwenyewe kwa nini kazi imesimama."

Msimamizi alikuwa tayari anavuka uwanja, uso umemvimba kwa hasira.

"Na sukari ikipanda?" mwendesha kreni aliuliza kwa sauti ya chini.

"Utapima, utaacha hizo soda zako, tutajua la kufanya. Moyo ukisimama hautakuaga."

Mwendesha kreni alimpokonya shemeji chupa ya maji aliyoishika, akameza kidonge, akaanza kupanda bila kumtazama.