Magogo Saba ya Seruai

Lakui alikuwa na mwezi mmoja tu kwenye ndoa, na alitaka mama mkwe wake, Seruai, amwone kuwa mwanamume. Basi siku walipoingia kinamasini kukata msago, mti ambao moyo wake hutoa unga, uliokaribia kuchanua, alifanya kazi ya watu watatu: akauangusha, akaukatakata magogo saba, akayavingirisha mpaka mtoni huku matope yakimfika mapajani.

“Yafunge kwa kamba ya henzirani, mizunguko miwili,” Seruai alimwambia akiingia mtumbwini. “Maji yameanza kupwa.”

“Mama, mimi nimezaliwa mtoni.”

“Hata kambare kazaliwa mtoni, na tunamla kila siku.”

Akatangulia nyumbani. Lakui akafunga mzunguko mmoja, akakaa juu ya magogo, akashika upondo wake. Penye kona upondo ukanasa matopeni. Ukabaki umesimama pale, yeye akaendelea na safari.

Gatini wanawake walikuwa wakichuja unga wa sago. Lakui akawapita, kajinyoosha kama mgeni rasmi.

“We Lakui! Mbona unapitiliza?”

“Nina shughuli kule chini!”

“Kule chini si bahari tupu?”

“Najua!”

Hapo henzirani ikakatika. Gogo moja likashika njia yake, mengine yakaanza kuachana, na Lakui, mguu huku, mguu kule, akazidi kupanuka.

“Mama!” akapiga ukelele. “Mama mkweee!”

Seruai, aliyekuwa gatini na wenzake, akarukia mtumbwi, akapiga kasia mbio, akampita. Akafunga gogo la kwanza, akafuata la pili. Lakui alikuwa ameshatumbukia, amekumbatia gogo kama mtoto mgongoni.

“Mama, na mimi je?”

“Subiri. Wewe hutoi unga.”

Magogo sita yakapatikana. La saba likaenda na maji. Mkwe akapandishwa mwisho, akapewa kasia, akapiga kupanda mto mpaka mikono ikafa ganzi, Seruai akitafuna tambuu na kumwelekeza.

Gatini kijiji kizima kilikuwa kinangoja, meno nje. Seruai akasimama mtumbwini.

“Nani anamcheka mkwe wangu? Atoke nimwone!”

Wote wakajifanya wanachuja unga. Lakui akashuka, machozi yakimlengalenga kwa shukrani, akamfuata nyumbani. Seruai akafunga mlango, akashika nguzo ya nyumba, akacheka mpaka tambuu ikamtoka mdomoni.