Nyuzi Tatu za Mnyoo Bapa

Kwa miaka mitatu nilifunua magogo yaliyooza msituni, nyuma ya kitalu cha miche ninakofanya kazi, nikimtafuta mnyoo bapa mmoja. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, mwembamba kama utepe, akila konokono. Sikumkuta katika kitabu chochote nilichoazima.

Jumamosi nikampata. Nikamweka jikoni ndani ya chupa ya jamu yenye majani mabichi. Wifi yangu, fundi cherehani tunayeishi naye, hakupendezwa.

"Wenzio wanafuga kuku," alisema, "wewe unafuga kamasi."

Lakini kila alipopita aliinama kuchungulia.

Jumatatu asubuhi, kwa furaha, nilimtia mnyoo kwenye spiriti ili asioze, kabla ya kumchora. Haraka haraka haina baraka. Mtaalamu wa makumbusho niliyempigia simu alipofika mchana, mnyoo alikuwa kahawia mtupu, kama majani ya chai yaliyochujwa.

"Umbo lake ni geni," alisema mtaalamu, akiweka lenzi chini. "Ila ana jamaa anayefanana naye sana. Watatofautishwa na rangi alizokuwa nazo akiwa hai. Uliziandika?"

Nilimpa daftari. Nilikuwa nimeandika: mweusi, ana mistari. Basi.

"Haitoshi, dada. Itabidi upate mwingine."

Miaka mingine mitatu. Nikakaa.

Cherehani ikanyamaza chumba cha pili. Wifi akatokea mlangoni, futi shingoni.

"Mweusi nani? Lile dudu lilikuwa bluu ya sare za shule, ile unayoiona nyeusi mpaka uitoe juani. Mistari miwili. Mmoja umekatika karibu na kichwa, kama mshono ulioruka."

"Una hakika?" mtaalamu akauliza.

"Siku mbili nalilinda lisiingie kwenye sufuria zangu. Unachokiogopa utakisahau?"

Akaleta boksi la nyuzi, akachambua bila pupa, akaweka tatu mezani: bluu, haradali, na waridi iliyopauka.

"Haradali ni ya mistari, hii waridi ya tumboni. Niliiona lilipopanda kwenye kioo cha chupa."

Nilipoziona, mnyoo alinirudia machoni mzima mzima. Nikaitikia kwa kichwa.

Mtaalamu alikata kipande cha kila uzi, akakibandika daftarini. "Niandike nani ameshuhudia rangi?"

"Andika fundi. Na uandike hakulipenda."

Kesho yake nilikuta chupa ya jamu imeoshwa. Ndani yake kulikuwa na majani mabichi.

"Usiniangalie hivyo, wifi," alisema. "Safari hii unaanza kwa kuchora."